Kosa la Tatu Nililifanya Majini

Niliishia pale mavyaa wangu, Bi Nasriya, aliponinyooshea vidole viwili usoni.

Ambao hamkusoma ya nyuma niwape kidogo, msije mkadhani mwanamke huyu kaanza vituko leo. Nilifika Maskati mwaka 1964 na mume wangu Marhoon na sanduku moja, tena si langu. Langu lilishuka Dubai, na mpaka leo sijui nani anavaa nguo zangu. Marhoon akaniweka kwa mama yake, ndiye huyu Bi Nasriya, akaenda Kuwait kutafuta kazi. Kazi akaipata. Ikawa anakuja mwezi mmoja kwa mwaka, na mimi nimebaki na mama.

Kosa la kwanza, nilimwamkia muuza samaki. Kwetu Mkokotoni muuza samaki usipomwamkia atadhani una neno naye. Lakini kwa mavyaa, mke wa mtu kumuuliza mwanamme wa njiani amelalaje ni jambo lililofika Matrah kabla yule samaki hajaiva.

Kosa la pili nimelieleza wiki iliyopita. Nilicheka msibani. Silirudii. Bado nnaona haya, na nikilikumbuka bado nnacheka.

Ndipo akaninyooshea vile vidole viwili, akasema kwa Kiarabu, maana Kiswahili hakuwa akikisema:

"Likitokea la tatu, nnaandika barua. Marhoon atakuletea karatasi yako. Aliya atabaki hapa, kwa baba yake."

Karatasi ni talaka. Aliya ni mwanangu, alikuwa na miaka mitatu.

Sasa sikilizeni hapa. Mavyaa hakujua kuandika. Barua zote za nyumba ile nilikuwa nikiziandika mimi, kwa hati yangu ya Kiarabu niliyofunzwa chuoni. Yeye anasema, mimi naandika, hata zile za kunisema mimi. "Andika, mkeo anamwaga maji." Naandika. "Andika, mkeo anapaka mafuta kichwani mpaka mto unateleza." Naandika, naweka na nukta zake. Nimejisengenya kwa mume wangu miaka karibu minne, na hati yangu Marhoon alikuwa akiisifu.

Kwa hiyo nilijua kwamba hata barua ya kuniacha nitaiandika mimi.

Nikajiapia kuwa kosa la tatu halitokei. Mwezi mzima wa Ramadhani na siku zote za Idd sikumwamkia mtu, sikucheka, sikumwaga maji. Nilikaa kama mtungi.

Kisha akaja Masouda.

Masouda alikuwa mkuu wa chama chetu. Mfupi wa kimo, sauti yake ndefu. Chama kilikuwa cha wanawake tuliotoka Unguja tukawa tunakaa Maskati, na jina lake Sahani Moja. Tukikutana baada ya alasiri, tunavaa sare, tunazalishana, tunazikana. Wenzetu wa Matrah, ng'ambo ya mlima, nao walikuwa na chao, Tabasamu, na mkuu wao Kheiria, fundi cherehani. Vyama viwili hivyo vilipendana kwa mbali. Kwa karibu havikupatana hata siku moja.

Aliingia akanikuta nimekaa kitako na mavyaa tunachagua mchele. Tulikuwa tukizungumza Kiswahili mbele yake bila wasiwasi. Marhoon alishanambia: mama kazaliwa Pemba, lakini kaondoka huko zamani, Kiswahili kishamtoka chote.

"Kizee chako leo kimenuna?" Masouda akauliza, huku anamwinamia mavyaa kumbusu mkono.

"Kila siku. Leo ana sababu, mchele una mawe."

"Shoga, tumekufa."

"Nani kafa?"

"Si kufa huko. Kheiria katutukana kwenye harusi ya juzi, mbele za watu. Kasema wanawake wa Maskati maji wanayoyajua ni ya kuoshea vyombo."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia tukutane baharini, tushindane kuogelea."

"Masouda, hii Januari!"

"Ndipo hasira iliponifikisha."

Akanieleza masharti, na yote yalikuwa yameshakubaliwa. Wanawake sita kwa sita. Mahali ni Bustan, siku ya Ijumaa, wanaume wa huko wakishakwenda mjini kusali. Maskati tunaleta chakula, Matrah wanaleta mwamuzi, bibi wa Kiarabu asiyekuwa wa chama chochote. Na chama kitakachoshindwa kitaosha masufuria ya mwenzake kwenye harusi zote za mwaka ule.

"Sisi tuna harusi nne," Masouda akasema. "Wao wana saba. Fikiri masufuria ya harusi saba."

"Mimi simo."

"Umo. Nani mwengine kakulia Mkokotoni? Wenzako wengine wanajua kuelea tu, tena wakiwa wameshika kitu."

"Nna makosa mawili, Masouda. La tatu naachwa, na mtoto nanyang'anywa."

"Kuogelea si kosa."

"Kwa huyu hapa ni kosa na nusu."

Tukamtazama mavyaa. Alikuwa ameokota kijiwe, anakiangalia juani.

"Nani atamwambia?" Masouda akasema. "Wanaume hawapo. Sisi hatusemi. Mwamuzi hakujui."

"Na nikikataa?"

Akavuta kanga yake begani. "Ukikataa tutaogelea watano. Na siku utakayozaa tena, sisi watano tutakuwa na kazi zetu."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekutajia saa. Sikuwa na mama Maskati, wala dada, wala shangazi. Nilikuwa na hao watano.

"Sare ipi?" nikauliza.

Sare ndiyo iliyotuangusha, na nnaomba kinamama mnaosoma mtusamehe. Masouda alichukua doti sita mpya dukani Matrah, nyekundu za kuumiza macho. Maneno yaliyoandikwa sitayataja, gazeti hili linasomwa na watoto. Akatugawia, na akatoa amri.

"Asifue mtu. Tunaingia nazo na dondo lake. Kheiria akiona sare imelegea kama tambara la jikoni atasema tumeazima."

Hakuna aliyebisha. Mwanamke wa Unguja akipata kanga mpya huivaa na dondo lake, ule wanga wa dukani, ikawa ngumu, inalia ukitembea, watu wajue kabla hujafika. Na baharini huingia na kanga kuukuu kuliko zote. Mambo mawili haya tumeyajua tangu kuzaliwa. Siku ile hakuna kati yetu sita aliyeyaweka pamoja.

Alhamisi jioni mavyaa akanipa mwavuli wake mweusi nimshonee, ubavu mmoja umechomoka. Uzi mweusi sikuwa nao. Nikamshonea kwa mweupe.

Ijumaa asubuhi nikasema, "Bi Nasriya, leo kwa Masouda kuna khitma."

"Nenda. Mimi nnakwenda Matrah, kuna matanga. Nitarudi alasiri."

Akachukua mwavuli, akatoka. Nikampeleka Aliya kwa jirani, nikaifunga sare ndani ya mkeka, nikatoka na mimi.

Siku hizo Bustan hakukuwa na hoteli. Palikuwa na nyumba chache, mitende, mbuzi, na mchanga. Mashua ya Maskati ikatushusha, mzee mwenye mashua akaambiwa aende zake mpaka aitwe. Wenzetu wa Tabasamu walishafika. Sare yao ilikuwa ya kijani, nayo inalia kama yetu. Nao hawakufua.

Kheiria akaja kutupokea. Mrefu, kibwebwe kimemkaza, barakoa kaivua kaichomeka kiunoni.

"Karibuni, wenye vyombo."

"Tumekaribia," Masouda akajibu. "Mmekuja na makumbi ya kusugulia, au tuwaazime yetu?"

"Bibie, maji umeyagusa?"

"Ya nini kuyagusa?"

"Basi yaguse."

Masouda akaenda akatia kidole cha mguu. Akarudi. Rangi ya midomo yake ilikuwa nyengine.

Nikaenda na mimi. Jamani, kwetu bahari ni kama supu iliyopoa. Maji yale yalikuwa kama kisu. Upepo wa kaskazini ulikuwa umevuma siku tano mfululizo, na kwa baridi, kisima na bahari vilikuwa kitu kimoja.

Mpango ulikuwa hivi: tunaanzia mwisho wa mchanga, tunakata ghuba, tunamaliza kwenye mwamba wa upande wa pili. Mwamuzi alikuwa keshakaa huko juu ya mwamba na buli lake la kahawa. Kwa mbali nilimwona kama doa jeusi. Wa kwanza kuugusa mwamba atashikwa mkono na mwamuzi, na chama chake kimeshinda.

"Anatuona?" nikamuuliza Kheiria.

"Bibi yule anaona sindano kwenye majani. Mteja wangu, namshonea sirwali. Mwenyewe ndiye aliyeniomba aje, nilipomhadithia."

Tukajipanga. Kanga moja kifuani juu ya suruali, moja kichwani, uso nusu umefichwa. Sita nyekundu, sita kijani. Hata mama zetu wasingetujua.

Masouda akapiga bismillahi, tukaingia.

Sita tulibaki sita mpaka magotini. Hapo mmoja wetu akakumbuka kaacha chungu motoni, na moto wenyewe uko Maskati. Akatoka. Wa kijani wawili wakatoka kumsindikiza. Kiunoni, mwengine akaanza kusoma shahada kwa sauti, akageuka, bado anasoma. Wa kifuani walipiga kelele za aina ambayo mimi niliisikia mara moja tu, siku nilipojifungua Aliya.

Mimi nilijitupa. Mkokotoni tulifunzwa hivyo: ukiingia kidogo kidogo, maji yanakuonea. Pumzi ikanitoka, ikapotea, ikarudi baada ya muda ikiwa imepungua. Kisha mikono ikakumbuka yenyewe. Nikakata maji.

Nilipogeuka, nyuma yangu alikuwa Kheiria peke yake. Masouda alikuwa mbali, amelala chali, anaelea, mguu mmoja umekakamaa juu kama mlingoti.

"Nenda!" akapiga kelele. "Masufuria saba!"

Nikaenda. Nakwambia kweli, nilisahau yote. Nilisahau Kuwait, nilisahau barua. Ilikuwa mara ya kwanza tangu nifike Oman mwili wangu kufanya kitu unachokijua. Mwamba ukawa unakuja. Doa jeusi likawa mtu. Mtu akawa bibi aliyevaa barakoa. Bibi akawa ameshika mwavuli.

Mwavuli mweusi. Ubavu mmoja umeshonwa kwa uzi mweupe.

Nikameza maji, si kidogo.

Nikasimama pale pale, napiga miguu. Nikamwangalia vizuri. Anavyokaa, goti moja juu. Anavyoshika kikombe cha kahawa kwa vidole vitatu. Matanga ya Matrah yalikuwa yamekaa juu ya mwamba wa Bustan, yanatuangalia.

Nikifika wa kwanza atanishika mkono. Akinishika mkono ataniangalia usoni. Akiniangalia usoni, kosa la tatu hilo, na si la kuambiwa, la kushuhudia mwenyewe.

Basi nikaamua kushindwa. Masufuria ya harusi saba, nitaosha. Nitaosha na ya kumi.

Kheiria akanifikia, anahema kama ng'ombe.

"Pita, bibie," nikamwambia.

"Unasemaje?"

"Nasema pita. Tafadhali."

"Unanikejeli?"

"Wallahi sikukejeli. Pita tu."

"Mimi sipitishwi na mtu! Napita mwenyewe!"

Akapiga mikono mitatu ya hasira, akanipita. Nikashukuru. Mkono wa nne haukutoka. Uso wake ukageuka, mdomo ukafunguka, akasema neno moja dogo:

"Mguu."

Akazama.

Akatokea, akanishika kanga kwa nyuma. Kanga ile, fundo la Mkokotoni, haifunguki. Akaning'ang'ania kama mtoto mgongoni. Nyuma kulikuwa mbali. Mbele kulikuwa na mwamba, hatua thelathini kama ungekuwa nchi kavu, na mavyaa juu yake.

Ningemwacha, ningegeuka, nani angejua? Nimejiuliza hilo mara nyingi. Lakini mtu akishakushika kanga, mikono haikuulizi.

"Usinishike shingo," nikamwambia. "Shika kiuno."

"Ukinitupa nitakushitaki kwa Mungu."

"Nyamaza, unakunywa maji."

Nikamvuta. Nikamvuta huku naomba apone, na huku naomba yeye ndiye atangulie. Nilipokaribia nilijaribu kumzungusha aje mbele. Hakuelewa, akadhani nambandua, akazidi kuniganda. Na anayevutwa huwa nyuma. Wimbi likatunyanyua sote, likanibamiza mwambani, kifua changu kwanza.

Mkono ukateremka kutoka juu ukanikamata kiwiko cha mkono. Mkavu, una moto wa kikombe cha kahawa.

"Huyu," mavyaa akasema kwa Kiarabu.

Niliinamisha kichwa, kanga nimeivuta mpaka puani. Nikangojea. Alinishika muda mrefu kuliko mwamuzi anavyopaswa kumshika mtu. Kisha akaniachia, akamgeukia Kheiria, akamsaidia kupanda, akamtilia kahawa. Akakunja mwavuli, akateremka upande wa pili wa mwamba, polepole.

Hakunijua! Nilikaa pale juu ya jiwe natetemeka, kwa baridi na kwa furaha, sijui kipi zaidi.

Ndipo Kheiria akaniangalia, akaacha kunywa.

"Wewe unatoka damu."

Nikajitazama. Shingo nyekundu, mikono nyekundu, miguu nyekundu, matone mekundu yanadondoka kwenye jiwe. Nikamtazama na yeye. Kijani tokea masikioni mpaka kwenye kucha.

Hakuna aliyetoka damu. Dondo lilikuwa limeyeyuka, na rangi ya duka ilikuwa imeona ngozi zetu bora kuliko kitambaa.

Ufukweni walikuwa wamesimama wote, wekundu na kijani, wanaangaliana. Masouda peke yake ndiye aliyepiga vigelegele, tena ana masharubu mekundu.

Nilifika nyumbani kabla ya mavyaa. Nikajisugua kwa sabuni mara tatu. Sabuni ikawa nyekundu, na mimi nikabaki vile vile. Nikavaa gauni la mikono mirefu, nikajitanda shela mpaka kidevuni, nikapika. Wali, samaki, achari ya ndimu.

Alasiri akaingia, akaweka mwavuli pembeni.

"Matanga yalikuwaje?" nikauliza.

"Watu wengi. Khitma ilikuwaje?"

"Watu wachache."

Tukakaa kwenye sinia, yeye upande wake, mimi upande wangu, kama siku zote. Akasema bismillahi, akateremsha mkono kwenye wali.

Kiganja chake kilikuwa chekundu.

Nikajiambia ni hina. Lakini hina hupakwa mikono miwili, na kwa mpango. Hii ilikuwa mkono mmoja, kiganja na vidole, kama mtu aliyeshika kitu kikamchujia.

Na mimi mkono wangu ulikuwa umeshakwenda kwenye wali kwa mazoea. Mkono wa gauni ukapanda. Kiwiko changu cha mkono kilikuwa chekundu chote, isipokuwa mahali pamoja palipopanguswa: vidole vinne, na cha gumba upande wa pili.

Aliviangalia vile vidole. Akakiangalia kiganja chake. Akatia tonge mdomoni, akatafuna, akameza.

"Rangi hii haitoki kwa sabuni, mwanangu," akasema. "Twaa ndimu na chumvi."

Alisema kwa Kiswahili. Na si Kiswahili cha kuokoteza. Kiswahili cha Pemba, kimetulia, kama mtu aliyekuja nacho jana.

Tonge langu likarudi kwenye sinia peke yake.

"Bi Nasriya, wewe unajua Kiswahili?"

"Nimezaliwa Wete, nimeondoka nna miaka kumi na saba. Kitanitokea wapi, masikioni?"

"Marhoon alisema..."

"Marhoon anajua nini? Nilipomzaa nishaacha kukisema. Hapa hapakuwa na wa kusema naye."

Nikaanza kuhesabu. Miaka karibu minne. Masouda na mimi, kila siku, mbele yake.

"Basi yale ya kizee..."

"Nimesikia."

"Na lile la..."

"La kuwa nikilala nakoroma kama mashine ya kusagia? Nimesikia. Hilo nimelicheka, nilipokuwa peke yangu."

"Na mashindano?"

"Nilisikia Jumamosi ile ile, na mchele wangu mkononi. Jumapili nikenda kwa Kheiria kupimwa sirwali."

"Kwa nini usiseme siku zote hizi?"

Akasukuma punje ya wali kwa kidole chekundu, akairudisha.

"Ningesema, mngeninyamazia. Na mkinyamaza, mimi ningesikiliza nini?"

Nilitaka kulia. Lakini nilikuwa bado sijamaliza kuogopa, na vitu viwili hivyo siwezi kuvifanya pamoja.

"Na kosa la tatu, Bi Nasriya?"

"Kosa la tatu ni kosa la tatu. Nilisema mwenyewe, siwezi kulimeza." Akanawa. "Lete kalamu."

"Kalamu?"

"Na karatasi. Kaa kitako."

Nikaleta. Nikakaa. Wino ukadondoka kwenye gauni, sikuupangusa. Aliya alikuwa bado kwa jirani, nnamsikia ukutani anacheka na watoto wa watu.

"Andika. Mwanangu Marhoon, salaam nyingi. Ijumaa hii mkeo..."

Nikaandika "mkeo". Nikangojea. Kalamu imesimama mwisho wa neno.

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu!" mavyaa akajibu, kwa Kiswahili, kabla hajakumbuka.

Tukatazamana.

Aliyeingia ni Kheiria, ana sahani ya halwa mkononi, masikio kijani. Nyuma yake wenzake wawili wa Tabasamu, nao wanaonekana kama majani ya mgomba. Alikuwa amekuja kumshukuru mwamuzi wake, kwa adabu, kama inavyotakiwa. Ile "karibu" ilimsimamisha mlangoni. Kisha akaingia, na adabu yote ikamwisha hatua ya pili.

Aliniona. Shela ilikuwa imeteleza, shingo yangu iko nje.

Akaliona sinia, na mashimo mawili ya kula, moja huku na moja kule. Akakiona kiganja cha mavyaa. Akaiweka halwa chini, taratibu.

"Bi Nasriya," akasema. "Wewe ndiye mwamuzi wangu. Nimekuleta mwenyewe, nimewaambia watu ni mgeni kwetu sote. Na huyu ndiye aliyenitoa majini, Mungu amlipe, na ndiye aliyenishinda. Nawakuta mnakula sinia moja. Nataka kuuliza neno moja tu, mbele ya mashahidi hawa. Huyu ni nani wako?"

Nikapiga hesabu haraka haraka.

Akisema "mkaza mwanangu", yaani mke wa mwanawe, mashindano yameharibika, masufuria ya harusi saba ni yetu. Na kabla ya magharibi, kuanzia Matrah mpaka Bawshar watajua kuwa mwamuzi alimpa ushindi mtu wa nyumba yake, na mke wa Marhoon anaogelea.

Akisema "simjui", nitabaki mshindi wa Sahani Moja, na humu ndani sitakuwa mtu. Ameshanikana mbele ya mashahidi wawili, na barua itamalizika yenyewe.

Miaka karibu minne hakupata kuniita kitu. Mbele ya wageni akisema "ile ya Marhoon", kama anataja koti.

Mavyaa akachukua leso yake, akajipangusa kiganja, kidole kimoja kimoja, na mwenyewe alishanambia rangi ile haitoki. Akaitazama barua mkononi mwangu, neno moja la mwisho, "mkeo", wino bado mbichi.

Akaniangalia mimi. Akamwangalia Kheiria.

Akafungua mdomo, na alipoanza kusema, alianza kwa Kiswahili.